Mke Mdogo wa Kiwandani

Barua ilifika siku ya arobaini na tatu tangu Baba Mapacha aache vidole vitatu kiwandani. Mama Mapacha aliipokea mlangoni, akajifuta mikono kwenye gauni, akaifungua kwa kisu cha jikoni ili bahasha isichanike, maana bahasha nzuri ya ofisi haitupwi ovyo. Mumewe alikuwa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, ameulaza juu ya mto kama mgeni wa heshima.

"Soma wewe," akasema. "Mimi na barua ndefu hatupatani."

Mama Mapacha alikuwa msomaji mzuri. Alifika darasa la saba, na hata sasa, akishona mapazia kwenye duka la watu, ndiye anayeandika oda zote kwa sababu herufi zake zinasimama wima. Akasoma namba ya jalada, akasoma tarehe, akashuka mpaka kwenye kiini.

"Ofisi imepitia maelezo yaliyotolewa na mdai mwenyewe akiwa hospitalini, na imejiridhisha kwamba wakati wa tukio mdai hakuwa akifanya kazi ya mwajiri. Mdai alieleza hivi: nilikuwa nacheza na mke mdogo kama kawaida, akanishika mkono."

Macho yakarudi juu, yakaupitia mstari tena polepole, kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia.

"Kwa kuwa michezo ya kifamilia ndani ya eneo la kazi si sehemu ya ajira, madai ya fidia yamekataliwa. Asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini."

Aliikunja barua mara mbili. "Mke mdogo yupi?"

Hapo ndipo Baba Mapacha alipofanya kosa kubwa kuliko lile la kiwandani. Alicheka. Hakuwa amecheka tangu siku ile, na kicheko kilikuwa kimerundikana kifuani, kikatoka chote mara moja, mpaka mto ukaanguka na mkono ukamuuma na machozi yakamtoka. Mkewe alisubiri kiishe.

"Ni mashine, mke wangu," akasema akihema. "Namba Tatu, ile ya kubandika maboksi. Tunaiita Mke Mdogo."

"Mashine."

"Kwa sababu ya makuu yake! Ukiipa karatasi yenye unyevu inanuna. Ukiiacha dakika moja inamwaga gundi. Inataka ukae nayo tu siku nzima, uibembeleze."

"Na mke mkubwa ni nani?"

Mtu mwenye akili angenyamaza. "Hatuna mashine ya jina hilo."

"Najua hamna. Huyo yuko hapa anakusomea barua."

Tatizo la Baba Mapacha halikuwa uongo, lilikuwa mzaha. Kwa miaka kumi na tisa ya ndoa alikuwa amemtania mkewe kila siku ya Mungu. Mwaka mmoja aliwaambia wakwe zake kwamba amekuwa meneja, kuku wawili wakachinjwa, na mama mkwe akaenda kujisifu kwa majirani kabla mkwewe hajasema kwamba alikuwa anatania. Mzaha wa namna ile huliwa kwa furaha, lakini hugoma kushuka. Sasa alikuwa anasema kweli, na kweli yake ilikuwa na sura ileile ya mizaha yake yote.

"Nitafutie nyingine," Mama Mapacha akasema. "Hiyo ya mashine yenye jina la mke haijaiva."

*

Asubuhi alikwenda kiwandani mwenyewe. Hakupita mlangoni, mlinzi alimwambia asubiri kando ya ukuta, penye kivuli chembamba cha nguzo, naye akasubiri saa nzima mkoba kifuani, huku malori ya maboksi yakitoka na kumrushia vumbi.

Aliyekuja kumwona ni msimamizi wa zamu, mtu mfupi anayevaa saa ya kupimia mwendo shingoni kama mwalimu wa riadha. Wafanyakazi walimwita Spidi. Yeye alidhani wanamsifu.

"Shikamoo, bwana msimamizi," Mama Mapacha akaanza, ingawa yule bwana alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Shida humshusha mtu umri.

"Marahaba, mama. Sema haraka, nina oda."

"Nataka kujua jambo moja tu. Humo ndani mna mashine inaitwa Mke Mdogo?"

Spidi alimtazama, akatazama saa yake. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeshamwita juzi, ikamwambia kwamba kuhusu ile ajali yeye hajui, hakuona, hakusikia.

"Mama, mashine zetu zina namba. Moja, Mbili, Tatu, Nne. Hapa tunatengeneza maboksi, hatuoi mashine."

Mlinzi akacheka ndani ya ngumi yake. Zamu ya usiku ilikuwa inatoka, na wanawake wa idara ya kufunga mizigo walipita makundi makundi. Mmoja, mweupe, mwenye mwanya, alimkazia macho Mama Mapacha kutoka chini mpaka juu. Mama Mapacha akajua papo hapo: ndiye huyu. Kumbe yule dada wa watu alikuwa anavitamani viatu vyake, na alitaka sana kumuuliza amevinunua wapi, akaona haya.

Jioni ile Mama Mapacha alipanga nguo zake kwenye mfuko. Hakupiga kelele. Angepiga kelele, mumewe angejua pa kushika.

"Nakwenda kwa dada. Chai iko kwenye chupa."

"Chupa yenyewe siwezi kuifungua."

"Fungua kwa meno," akasema, "au mwite mwenzangu akufungulie."

*

Nyumba ya vyumba viwili ni ndogo mpaka siku unapobaki peke yako. Mapacha, binti zao, walikuwa shule ya bweni mwaka wa mwisho. Baba yao aligundua vitu ambavyo hakuna mtu mwenye mikono miwili anayevijua: kwamba dawa ya meno haikubali kuminywa na mtu ambaye mkono wake wa pili umeshika mswaki, kwamba kifungo cha suruali ni kazi ya watu wawili, kwamba mkate ukiukata kwa mkono wa kushoto unatembea juu ya meza kama una safari zake. Chupa ya chai aliibana kati ya magoti, akaizungusha kwa kiganja cha kushoto, ikafunguka siku ya tatu. Chai ilikuwa imechacha. Aliinywa hivyo hivyo, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho aliyoipika mkewe, na pia kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamtazama.

Mchana alisikia redio ya jirani kupitia ukutani. Usiku alimsikia jirani mwenyewe akimsimulia mgeni: "...ndani ya kiwanda, bwana! Na mke mdogo! Mpaka akakatika vidole!" Kisha kicheko. Alikuwa anakijua kicheko hicho. Kwa miaka mingi alikuwa akikipata yeye, kwa hadithi zake. Sasa kilimjia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Jumapili mapacha walipiga simu kutoka shuleni, wakinyang'anyana simu kama kawaida yao.

"Baba, mama yuko wapi?"

"Sokoni."

"Hata Jumapili iliyopita alikuwa sokoni!"

"Bei zinakimbia, mama yenu anazikimbiza."

Walicheka. "Mbona huandiki barua siku hizi?"

Aliutazama mkono wake. Ulikuwa umebaki na kidole cha pete na kile cha mwisho, viwili vimekaa pembeni kama watu waliochelewa kufika. "Kalamu imeniishia wino," akasema. Walipokata, aliendelea kuishika simu sikioni kwa muda.

Wenzake wa kiwandani walikuja kumwona wiki ya kwanza, watu kumi na mmoja. Wiki ya pili watatu. Baada ya barua alikuja mmoja tu, mwenzake wa mashine, aliyeitwa Kimya kwa sababu haishi kuongea. Miaka tisa walikuwa wamesimama pande mbili za Namba Tatu, huyu analisha karatasi, yule anapokea maboksi.

"Ndugu yangu, siku hizi kule ni kama msibani," Kimya akaanza kabla hajaketi. "Spidi kapata koti jipya, nani sijui kahamishwa stoo, wapishi wamebadilisha..."

"Kimya. Nataka uje unisemee. Waambie tu watu wa fidia kwamba Mke Mdogo ni mashine, na kwamba tulikuwa tunaambiwa tucheze naye. Basi."

Kimya alistahili jina lake kwa mara ya kwanza. Alitazama mlango, akatazama bandeji.

"Mkataba wangu unaisha mwezi ujao," akasema mwishowe. "Wakisikia nimekuja hapa tu, hawaniongezei. Wewe unanijua, baba wa watu sita."

"Nakujua."

"Usinione mbaya."

"Sikuoni mbaya. Nakuona una vidole kumi."

Alikuwa amekusudia mzaha, lakini ulipotoka haukuwa mzaha, na Kimya akaondoka bila kunywa maji.

*

Siku ya kumi na tisa baada ya barua alikuja afisa utumishi, mtu laini mwenye manukato, akakaa kwenye ncha ya kiti kama anayeogopa kukichosha. Alileta sabuni mbili na karatasi moja.

"Mzee wangu, kampuni ni familia. Ofisi ya fidia imekataa, sawa, lakini sisi hatujakutupa. Hiki ni kifuta machozi. Mishahara miwili. Unaweka saini, kesho pesa iko mkononi."

"Mkononi," Baba Mapacha akasema.

Afisa akakohoa.

"Na ile rufaa ya siku thelathini?"

"Achana nayo hiyo, mzee. Nafuatilia mimi mwenyewe ndani kwa ndani. Ukikata rufaa utaniharibia, watasema una vita."

Baba Mapacha aliivuta karatasi karibu na macho. Aliisoma taratibu, neno kwa neno, na hapa na pale akarudi nyuma. Kulikuwa na mstari chini, wa herufi nyembamba kama chungu wanaohama: *sitadai tena chochote, sasa wala baadaye.*

"Kuandika siwezi."

"Hakuna haja. Weka dole gumba tu."

"Lipi? La kulia mnalo nyinyi."

"La kushoto linatosha. Hata kule hospitalini tulitumia hilohilo."

Afisa alisema hivyo kwa wema kabisa, huku akifungua kidau cha wino. Baba Mapacha alilikumbuka lile tukio kama ndoto ya homa: siku ya pili wodini, dawa zimempanda, watu wanaonekana wawili wawili, mtu mwenye manukato ameinama, anauliza, anaandika, kisha anamshika kidole kwa upole na kukibandika mahali. Akakikunja kidole kikaingia ndani ya ngumi.

"Dole hili limeshaniponza mara moja," akasema. "Acha karatasi hapo. Nitaongea nalo."

*

Muuguzi aliyembadilishia bandeji alikuwa mama mnene asiyetaka kusikia mgonjwa akilalamika, ila alitaka kusikia kila kitu kingine. Alipomaliza kusikia habari ya barua, kifuta machozi na mke mdogo, alikuwa amecheka mpaka mkasi ukamponyoka.

"Na wakili wako anasemaje?"

"Wakili wa nini? Sijaua mtu."

"Wewe ndiye uliyeuawa kidogo," muuguzi akasema, akamwandikia mahali nyuma ya kadi ya dawa. "Nenda leo. Usiende kesho."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la mafundi simu, ngazi nyembamba, mlango usiofunga vizuri. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo anayekula karanga kutoka kwenye droo. Hakumpa pole. Alimuuliza tarehe, akahesabu kwa vidole kwenye kalenda ya ukutani.

"Zimebaki siku tisa. Ungekuja baada ya hapo, ningekupa karanga tu."

Kisha akamuuliza maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Karatasi ikikwama mnafanyaje? Nani kasema? Kwa nini hamzimi? Baba Mapacha akaeleza kwamba ukiizima, gundi inaganda, na kuipasha moto tena ni dakika arobaini, na dakika arobaini kwa Spidi ni kama umemwibia ng'ombe. Kwa hiyo hamzimi. Mnacheza naye. Unapunguza mwendo, unapenyeza vidole pembeni mwa rola, unalisukuma boksi, unatoa mkono kabla rola hazijakutana.

"Na siku ile?"

"Siku ile nilitoa vidole viwili."

Wakili aliacha kutafuna. Akageuza barua, akaisukuma mbele yake. "Hapa pameandikwaje?"

"Mke mdogo."

"Tazama herufi. M hiyo ni kubwa au ndogo?"

Akatazama. "Ndogo. Zote ndogo."

"Herufi kubwa kwenye jina mlifundishwa darasa la ngapi?"

"La pili."

"Basi. Wewe ulitaja jina la mashine. Aliyekuandikia akaandika mwanamke. Kama hakujua, ni mjinga; kama alijua, ni hodari. Tutakwenda mbele ya baraza la rufaa na somo la darasa la pili." Akachukua karanga nyingine. "Kiwandani kuna daftari la kukabidhiana zamu?"

"Lipo. Analiandika Spidi kila jioni."

"Anaandika namba za mashine au majina?"

Baba Mapacha alifikiri, na taratibu uso wake ukabadilika. "Majina. Namba zilikuwa zinatuchanganya: zamu ya tatu, oda ya tatu, mashine ya tatu. Mwaka juzi fundi aliagizwa Namba Tatu, akaenda kuzibua choo cha tatu."

"Ukienda kuliomba daftari hilo, watakupa?"

"Watanipa teke."

"Baraza likiliomba, watalileta. Kuna karatasi ya kuliomba, na ina siku yake ya mwisho, na ina mahali pake pa kupelekwa. Mimi naijua karatasi hiyo. Ndiyo kazi yangu yote, hakuna uchawi. Na silipwi mpaka ulipwe. Usipolipwa, tutakuwa tumefahamiana tu."

Alipokuwa anaandika, aliuliza bila kuinua kichwa, "Mkeo anasemaje?"

"Yuko kwa dada yake."

"Kwa sababu ya barua?"

"Kwa sababu nilicheka."

Jioni ile wakili alimpigia simu Mama Mapacha na kumweleza kwamba anahitajika barazani, aje athibitishe kwamba mumewe hana mke mwingine.

"Dada wakili," Mama Mapacha akajibu, "hilo hata mimi nakuja kulisikiliza."

*

Baraza lilikaa katika chumba chenye feni iliyokuwa ikizunguka bila kutoa upepo. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya chini. Mama Mapacha alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa vile viatu vyake. Mumewe alimwona alipoingia, akainua mkono kumsalimu, akakumbuka ni mkono upi, akaushusha.

Spidi aliapa, akasimama wima.

"Bwana msimamizi, karatasi ikikwama mashine inafanywaje?" wakili akauliza.

"Inazimwa. Usalama kwanza."

"Na mashine mnaziitaje?"

"Kwa namba."

Wakili akamwekea daftari mbele yake, kubwa, lenye madoa ya gundi. "Mwandiko huu ni wa nani?"

"Unafanana na wangu."

"Umefanana kwa miaka mingapi?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. "Soma hapo penye alama," akamwambia Spidi. "Siku tatu kabla ya ajali."

Spidi alisoma kama mtoto aliyekamatwa na barua ya mapenzi. "Mke Mdogo anakwama kila nusu saa. Zamu ya mchana mcheze naye hivyo hivyo, msizime. Oda inatoka kesho."

"Msizime umeandika kwa herufi gani?"

"Kubwa."

"Na Mke Mdogo?"

"Pia... zinaanza na kubwa."

Chumba kizima kilikuwa kinatabasamu. Hata Mama Mapacha, kule nyuma, alijikuta ameshika mdomo: mashine! Kweli mashine! Siku zote hizo amelala kwa dada yake kwenye godoro la mtoto kwa ajili ya mashine! Yule mwanamke mwenye mwanya akamtoka moyoni, akaenda zake na usafi wake.

Ndipo mwenyekiti akasema, "Sijaelewa bado. Kucheza naye ni kufanya nini hasa? Mdai atuonyeshe."

Baba Mapacha akasimama. Wakili aliweka vitabu viwili vinene mezani, mgongo kwa mgongo, viwe rola. Kwa mkono wa kushoto akaonyesha kazi ya mkono wa kulia. Alipenyeza vidole. Akasukuma. Akachomoa. Akapenyeza, akasukuma, akachomoa, haraka haraka, bila kutazama, na uso wake ukawa mtulivu kama wa mtu aliyerudi mahali pake.

"Mara ngapi kwa siku?"

"Siku nzuri, mara ishirini. Karatasi ikiwa na unyevu, hamsini."

"Kwa muda gani?"

"Miaka tisa, mheshimiwa."

Hakuna aliyecheka. Kule nyuma benchi lililia. Mama Mapacha alikuwa ametoka nje.

Baraza lilipopumzika, mumewe alimkuta amesimama kwenye ujia, ameegemea ukuta wa rangi ya maziwa, mkoba kifuani.

"Umesikia?" akamuuliza. "Ni mashine."

"Nimesikia."

"Basi tumeshinda. Wakili anasema daftari limemaliza kila kitu. Matibabu watalipa, na kila mwezi—"

"Miaka tisa," mkewe akasema. "Kila jioni nakuuliza, kazi ilikuwaje? Unanijibu, leo nimecheza tu. Mimi nacheka."

Baba Mapacha alitafuta neno la kuchekesha. Alikuwa nayo mengi siku zote.

"Ningekuambia, ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza!"

"Na karo?"

Karani alipita kati yao na rundo la majalada, wakampisha, huyu ukuta huu, yule ukuta ule, na alipokwisha kupita walibaki hivyo hivyo.

*

Uamuzi ulitoka wiki tano baadaye: fidia ya vidole, gharama za upasuaji wa pili, na malipo ya kila mwezi. Wakili akachukua sehemu yake, akampa Baba Mapacha mfuko wa karanga. Mama Mapacha alikuwa amesharudi nyumbani, siku ileile ya baraza, na mfuko wake wa nguo. Alimfungia vifungo, alimkatia mkate. Jioni hakumuuliza tena siku ilikuwaje. Mumewe naye, akiwa hana pa kwenda wala cha kusimulia, alikaa karibu na redio iliyozimwa. Mapacha walikuwa wameshaambiwa kwa simu. Walilia kwa zamu, na sasa Jumapili walizungumza na baba yao kwa sauti ndogo ya kuongea na wagonjwa. Ile sauti ilimuumiza kuliko jeraha.

Jioni moja Kimya akabisha hodi. Mkataba alikuwa ameongezewa. Alikuwa na aibu, na aibu ikamfanya aongee mara mbili ya kawaida yake.

"Shemeji, hujambo? Ndugu yangu, umetutikisa kule! Meneja mkuu alikuja mwenyewe, mkutano, viti, maji ya chupa. Wakabandika tangazo kubwa mlangoni!"

"Wameweka kinga kwenye rola?" Baba Mapacha akauliza.

"Hapana. Wamekataza majina. Ni marufuku mtu kuita mashine jina lolote. Ukisema Mke Mdogo, unakatwa mshahara wa siku."

Baba Mapacha alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. "Sasa mnaiitaje?"

"Namba Tatu."

"Na ikikwama, mnazima?"

"Gundi itaganda, ndugu yangu, unajua mwenyewe." Kimya alicheka kidogo. "Ila hatuchezi naye tena. Hilo neno nalo wamelifuta. Siku hizi Spidi anasema: zungumza naye."

"Nani amesimama upande wangu?"

"Mimi."

Mama Mapacha alikuwa amekaa kwenye cherehani, anapinda pazia. Mguu ukasimama, na mashine ikanyamaza.

"Shemeji," akasema, "mkeo anajua?"

Kimya aliutazama mlango, akamtazama rafiki yake, ambaye safari hii hakuwa na mzaha wa kumwokolea. Akainama, akijifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

"Nitamwambia," akasema kule chini. "Mwisho wa mwezi, nikishalipwa."

Alipoinua kichwa, Mama Mapacha alikuwa mlangoni, ameshavaa viatu vya kwenda kwa mke wa Kimya.